Kusikiliza mapafu bila kujidanganya: uweke wapi, unasikia nini, uandike nini

Ngoja nianze na aibu yangu mwenyewe. Nikiwa intani wodi ya wanaume nilimsikiliza babu mmoja, nikaandika kwenye faili krepsi (zile sauti za kupasuka pasuka) kifua kizima pande zote mbili, nikajiona daktari kweli kweli. Kwenye raundi konsaltanti, yani daktari bingwa wetu, kaweka stetoskopu yake, kasikiliza kimya, alafu akaomba pamba yenye maji akamlowanisha yule babu kifua, akanigeukia, haya sikiliza tena. Hamna kitu. Zile krepsi zilikuwa nywele! Babu alikuwa na manyoya kifuani kama mkeka, kila akivuta pumzi yanasugua kisahani cha stetoskopu krep krep krep, na mimi nikawa nimeshampa nimonia ya pande mbili.

Toka siku ile nina utaratibu mmoja ambao nataka wewe unayeanza wodi uushike: kwanza sikiliza, pili elezea ulichosikia kwa maneno ya kawaida, ugonjwa utautaja mwisho. Wengi tunafanya kinyume, tunasikia kitu robo sekunde, kichwani imeshakuja "nimonia", na kuanzia hapo masikio yanasikia kile kichwa inachotaka.

Sasa kujiandaa. Zima redio, punguza feni, na kama dirisha liko upande wa stendi ya bodaboda lifunge dakika mbili. Vile vidude vya masikioni vielekee mbele, upande wa pua, kwasababu tundu la sikio limekaa hivo, ukivaa kinyume unasikia nusu alafu unalaumu stetoskopu. Kisahani kipashe moto na kiganja. Na usisikilize juu ya nguo jamani, najua foleni ni ndefu lakini khanga ina sauti yake, sweta ina sauti yake, na fulana ya jezi ndo usiseme, ile inakwaruza mpaka unaweza kumpa mtu mzima ugonjwa asiokuwa nao. Kwa mama au dada omba ruhusa, awepo nesi, mfunike na khanga uwe unafunua sehemu unayosikiliza tu.

Mgonjwa akae kama anaweza kukaa. Mwambie kwa adabu na kwa lugha anayoijua, "shikamoo babu, naomba nikusikilize kifua, fungua mdomo, vuta pumzi ndefu, achia, tena". Mdomo, sio pua, pua ina kelele zake. Onyesha mwenyewe anavotakiwa kufanya, maana ukisema vuta pumzi wengine wanabana kabisa wanakusubiri. Na usimkimbize, akivuta pumzi ndefu kumi na tano mfululizo atapata kizunguzungu, mpumzishe katikati.

Njia ya kupita ni kama unapanda ngazi kwa kuvuka vuka, kulia, kushoto, unashuka kidogo, kushoto, kulia, ili kila sehemu uilinganishe na pacha wake wa upande wa pili. Hii ndo siri kubwa kuliko zote kwa sababu kila mtu ana kifua chake, mnene sauti inasikika kwa mbali, mwembamba inasikika kama uko ndani, kwaiyo kipimo chako kizuri ni upande wake wa pili yeye mwenyewe. Anzia juu ya mtulinga, shuka mbele, pita kwapani pande zote, alafu mgongoni. Mgongoni mwambie ajikumbatie, mkono huu ushike bega lile, yale mabawa ya bega yanafunguka unapata nafasi. Kila sehemu pumzi moja nzima, kuvuta NA kutoa. Usihame kabla hajamaliza kutoa.

Kwanini kwapani? Pafu la kulia lina sehemu tatu, la kushoto mbili. Sehemu za juu utazisikia zaidi mbele, za chini ziko karibu zote mgongoni, na ile ya katikati ya kulia imejificha mbele usawa wa chuchu na kwapani. Mtu anayesikiliza mgongoni tu hataigusa kabisa, na nimonia inaweza kukaa pale.

Kabla hujatafuta ugonjwa jua uzima. Weka kisahani kooni mwako mwenyewe sasa hivi, vuta pumzi. Umesikia hiyo sauti kali, ya bomba, kuvuta na kutoa zinasikika zote vizuri na katikati kuna kimya kidogo? Hiyo ni sauti ya bomba la hewa. Sasa shusha mpaka pembeni ya kifua, chini ya kwapa. Hapo ni laini, kama upepo kwenye majani ya mwembe, kuvuta inasikika vizuri na inaungana na kutoa bila pengo, na kutoa yenyewe unaisikia mwanzo tu alafu inapotea. Hiyo ndo sauti ya kawaida ya pafu. Sikiliza watu wazima wenye afya wengi, mkeo, mumeo, mdogo wako, room mate wako, sikiliza mpaka uchoke, kwasababu bila hiyo utakuwa unasikia "kitu" kila mahali.

Na kuna sababu kwanini zinatofautiana. Pafu lenye hewa ni kama godoro la sponji, linameza sauti nyembamba nyembamba linapitisha zile nene, ndo maana pembeni inasikika laini. Pafu likijaa usaha linakuwa kitu kigumu, halimezi tena, kwaiyo ile sauti ya bomba inapita moja kwa moja mpaka nje. Ukisikia sauti ya kooni iko chini mgongoni kulia, pale sio mahali pake, kuna pafu lililoganda, nimonia ni mtuhumiwa wa kwanza. Ukielewa hiki kitu kimoja nusu ya somo umemaliza, mengine yote yanatoka hapa.

Sasa sauti za ziada, zile ambazo hazitakiwi kuwepo. Watu wanachanganyikiwa kwasababu majina ni mengi, na chanzo chake ni cha zamani. Mwaka 1816 pale hospitali ya Necker, Paris, daktari René Laennec alikuwa na mgonjwa wa moyo, binti mnene kidogo, na yeye akaona haya kuweka sikio kifuani kwake kama walivokuwa wanafanya, akakunja makaratasi akayafanya bomba akasikiliza kupitia hapo, akashangaa anasikia vizuri kuliko sikio tupu. Baadae akachonga la mti, na 1819 akatoa kitabu chake. Kwenye Kifaransa chake sauti zote za ziada aliziita jina moja, râle, ila lile neno kwa watu wa kawaida lilimaanisha mkoromo wa mtu anayekata roho, kwaiyo mbele ya mgonjwa akawa anatumia neno la Kilatini, ronkasi, asimtishe. Yani yalikuwa majina mawili ya kitu kile kile! Wenzake waliofuata wakayafanya vitu viwili tofauti, wakaongeza na vivumishi, makavu, mabichi, ya muziki, yasiyo ya muziki, ikawa vurugu mpaka leo. Laennec mwenyewe alifariki 1826 kwa kifua kikuu, ugonjwa aliokuwa anausikiliza kwa wengine.

Mwaka 1957 Waingereza wawili, Robertson na Coope, wakasema jamani turahisishe, jiulize tu sauti ni ya mfululizo au ya kukatika katika. Ndo swali lako la kwanza mpaka leo. Inavuta kama filimbi au mkoromo? Mfululizo. Inapasuka pasuka? Krepsi. Na kweli ukiwapa madaktari kumi sauti ile ile wanaelewana vizuri zaidi wakitumia makundi mapana kuliko wakianza kubishana hii laini au nene, kwaiyo kama hujui zaidi ya hapo andika hapo hapo, sio aibu.

Tuanze na krepsi maana ndo zenye mambo mengi. Ni milipuko midogo midogo, inatokea vijia vidogo vya hewa vilivyokuwa vimefunga vinapofunguka ghafla, au hewa inapopita kwenye makohozi. Zipo laini na nene. Laini: chukua nywele zako karibu na sikio uzisugue kati ya vidole, ndo hizo (sisi wa kipilipili fupi azima za dada). Au ile mikanda ya viatu vya watoto inayonata, ukiibandua taratibu, chrrrr. Nene ni kama uji unaotokota, blup blup, chache, nzito, unazitofautisha moja moja. Kwa vipimo vya mashine krepsi laini moja inachukua kama milisekunde 5 na ni ya sauti ya juu, karibu hezi 650 (mitetemo kwa sekunde), nene inachukua kama milisekunde 15, karibu hezi 350. Sikio lako halihesabu milisekunde lakini linajua tofauti ya nywele zinazosuguliwa na uji unaotokota.

Ila ulaini na unene sio muhimu kama WAKATI. Zinakuja lini kwenye pumzi? Hapo ndo penye pesa. Zinazokuja mwanzo wa kuvuta, chache, nene, mara nyingi ni njia kubwa za hewa, mvutaji sigara wa siku nyingi mwenye mapafu yaliyochoka. Zinazokuja mwisho mwisho wa kuvuta, nyingi, laini, chini mgongoni pande zote mbili, fikiria moyo umeshindwa kusukuma na maji yameanza kujaa, bonyeza miguu uone kama inabonyea, angalia mishipa ya shingo, au kama hazibadiliki miezi na miezi fikiria mapafu yenye makovu. Nene zinazojaa kuvuta na kutoa, sehemu moja ile ile kila akija, na anakohoa kikombe kizima cha makohozi asubuhi, hizo njia zimetanuka na kuharibika, na kwetu wengi wao waliwahi kuugua TB zamani. Nimonia inakupa katikati ya kuvuta, nene kiasi, na akianza kupona zinasogea kuelekea mwisho na kuwa laini, usije ukaogopa ukabadilisha dawa kumbe mtu anapona.

Alafu mwambie akohoe. Kohoa mara mbili mzee, haya vuta tena. Zikipotea zilikuwa makohozi, au zilikuwa zile za mtu aliyelala chali kutwa nzima vifuko vya hewa vya chini vimejikunja, hizo hata mtu mzima mwenye afya anazo pumzi mbili tatu za kwanza. Zikibaki, zina maana. Watu wengi wanaruka hii hatua na ni ya sekunde kumi.

Kundi la pili, za mfululizo. Ile ya juu, nyembamba, tunaandika mluzi. Wengine wanapenda kulichukua lile neno la Kiingereza, wheeze, wanaandika "wizi", mimi sipendi, unafungua faili unakuta "mgonjwa ana wizi pande zote mbili", utafikiri ni kesi ya polisi. Mluzi unatokea njia ya hewa ikibana mpaka kuta zake karibu zigusane zikaanza kutetemeka, kama mdomo wa puto ukiuvuta huku hewa inatoka. Kawaida unasikika zaidi akitoa pumzi. Kama ni miluzi mingi ya sauti tofauti tofauti kifua kizima, kwaya, ni pumu au mapafu ya mvutaji. Kama ni mluzi MMOJA, sauti ile ile, sehemu ile ile, hauondoki hata akikohoa, simama hapo. Njia moja imezibwa, kwa mtoto inaweza kuwa karanga au punje ya hindi, kwa mtu mzima inaweza kuwa uvimbe. Huyu usimpe dawa ya kuvuta ukamrudisha nyumbani.

Ya chini, nzito, kama mtu anakoroma chumba cha pili, ndo ronkai (wingi wa ile ronkasi ya Laennec), ni makohozi kwenye njia kubwa, na mara nyingi akikohoa zinahama au zinaisha.

Straida ni ya familia hiyo hiyo lakini iweke pembeni kwenye kichwa chako. Inasikika akivuta, kali, mara nyingi hata bila stetoskopu unaisikia kutoka mlangoni, na ukiweka shingoni ni kubwa kuliko kifuani. Hiyo ni njia ya hewa ya shingoni inabana, sio pafu. Mtoto aliyetulia, halii, na bado ana straida, ni dharura, usimlaze, usimchokoe koo na kijiti, mwache kwa mama yake amshike, ita msaada.

Mkwaruzo wa utando wa pafu uko peke yake. Ni kama kiatu kipya cha ngozi kinavolia ukitembea, kinakwenda na kurudi, akivuta na akitoa, na mgonjwa mwenyewe atakuonyesha kwa kidole kimoja panapouma. Kukohoa hakuubadilishi. Kabla hujauandika hakikisha sio kisahani chako kinateleza kwenye jasho, nimeshaingia mtego huo pia.

Alafu kuna sauti ambayo haipo, na hii ndo inayoua. Mtu wa pumu amekuja anahema kwa shida, jana alikuwa na miluzi kifua kizima, leo unasikiliza kimya. Usifurahi!! Mluzi unahitaji hewa ipite, huyu hewa haipiti tena. Hapo unakimbia, oksijeni, mwite mkubwa wako, usibaki unaandika "kifua safi".

Kimya cha upande mmoja tu ni habari nyingine, na hapa stetoskopu peke yake haitoshi, gonga. Weka kidole cha kati cha mkono mmoja juu ya kifua, kigonge na kidole cha mkono mwingine. Wazo la kugonga kifua alilitoa daktari Auenbrugger wa Austria mwaka 1761, baba yake alikuwa na nyumba ya wageni na pale walikuwa wanagonga mapipa ya mvinyo wajue yamebaki kiasi gani, kitu ambacho kila muuza mafuta ya taa anajua na debe lake. Kimya na kugonga kunalia ti ti ti kama unagonga jiwe, ni maji kwenye kifua. Kimya na kunalia kama ngoma, hewa imetoka nje ya pafu, na huyo kama presha inashuka na bomba la hewa shingoni limehamia upande huna muda wa kusubiri eksirei.

Kama bado unabisha na nafsi yako, tumia sauti ya mgonjwa mwenyewe. Mimi namwambia aseme "arobaini na nne" huku nasikiliza, zile n zinatetemesha kifua vizuri. Kwenye pafu la kawaida unasikia mang'uno tu, kwenye lililoganda unasikia maneno, na kwenye maji karibu husikii kitu. Mwambie anong'one moja mbili tatu, ukimsikia wazi kama anakunong'oneza wewe sikioni, pameganda. Na mwambie aseme iiiii. Juu ya pafu lililoganda, au pale juu kidogo ya maji, ile iii itakuja kwako kama eeee, ya kupitia puani, kama mbuzi, na jina lake la kitaalamu Laennec alilichukua kwa mbuzi kweli.

Watoto wadogo wana kanuni nyingine. Hawezi kukuelewa ukimwambia vuta pumzi, na akianza kulia umekwisha. Msikilize akiwa amepakatwa au ananyonya, anza na kifua kabla ya masikio na koo. Na kwa kweli kwa mtoto macho yanakuambia zaidi ya masikio: hesabu pumzi dakika nzima, chini ya miezi 2 ni 60 kwenda juu, miezi 2 mpaka 11 ni 50, mwaka 1 mpaka chini ya 5 ni 40, hiyo ni haraka, na angalia kama kifua chini ya mbavu kinabonyea akivuta. Mtoto anaweza kuwa na nimonia kali na usisikie krepsi hata moja. TB nayo ni hivo hivo, kifua kinaweza kuwa kimya kabisa, kwaiyo mtu mwenye kikohozi cha wiki mbili, homa za usiku na uzito unashuka anatoa makohozi yapimwe, masikio yako hayana kura pale.

Kuhusu hizi stetoskopu za umeme na programu za simu zinazosema zitasikiliza zenyewe, zinasaidia kurekodi na kujifunza, mimi natumia kufundishia. Lakini jua zimefundishwa na nini. Mkusanyiko mmoja maarufu wa 2017 ambao watafiti wengi wanautumia una rekodi 920 za watu 126, zilizochukuliwa Ureno na Ugiriki. Hakuna bodaboda nje, hakuna mtoto analia kitanda cha pembeni, na sidhani kama kuna kifua hata kimoja cha mkata mkonge wa Korogwe.

Mwisho kuandika. Usiandike "krepsi +++" ukaishia hapo. Andika aina, wakati, mahali, na imekuwaje baada ya kukohoa, mfano "krepsi laini, mwisho wa kuvuta, chini mgongoni pande zote, hazibadiliki akikohoa". Anayekuja zamu ya usiku akisikia nene katikati ya kuvuta upande mmoja atajua kuna kitu kimebadilika, bila kukupigia simu saa nane. Na kama hukusikiliza usiandike kifua safi, acha nafasi wazi.

Ukimaliza futa kisahani na vidude vya masikioni na spiriti, ndo uende kitanda kinachofuata.